PS2, PS3, Xbox 360 na PS4 kwenye TV moja: ninunue swichi ya HDMI au nibadilishe TV?

Dogo_Tabata:
Wakuu habari za jioni. Nina mashine nne za gemu sebuleni: PS2, PS3, Xbox 360 na PS4. TV ni moja. Kila anayetaka gemu yake inabidi nivute TV kutoka ukutani, nichomoe waya, nichomeke mwingine, na tundu la HDMI limeshaanza kulegea. Mwisho wa mwezi napata hela kidogo. Ninunue ile swichi ya HDMI ya matundu matano, au niuze TV, niongezee, nichukue yenye matundu mengi? Na umeme je, zote nne kwenye ekstensheni moja ni sawa? Naombeni uzoefu wenu.

Fundi_Mbagala:
Mkuu, umeuliza nusu. TV ina matundu mangapi ya HDMI? King'amuzi kimekaa wapi? Hiyo Xbox ni toleo gani, maana za mwanzo za 2005 hazina HDMI kabisa. Na PS2 inatoa picha kwa waya wa AV, sasa swichi ya HDMI itaisaidia nini?

Salma_Gemu:
Usiuze TV jamani! Unaiuza kwa bei ya hasara kwa sababu ya matundu mawili? Nunua swichi, ila iwe ya rimoti na yenye waya wake wa umeme wa USB. Zile zinazojichagulia zenyewe zinasumbua: king'amuzi kikiwa kinawaka muda wote, au PS4 ikiwa imelala tu, swichi inang'ang'ania hukohuko. Na angalia usiuziwe spilita. Spilita inachukua mashine moja na kuipeleka kwenye TV mbili, wewe unataka kinyume chake. Madukani wanavichanganya kila siku.

Dogo_Tabata:
Samahani wakuu. TV ni inchi 43, HDMI mbili, moja ina king'amuzi. Xbox ina HDMI, alinitumia mjomba kutoka Marekani. Bado sijaiwasha.

Fundi_Mbagala:
USIIWASHE. Soma maandishi kwenye ile adapta yake kubwa. Za Marekani nyingi zimeandikwa 100-127V, hapa kwetu ni 230V, utaiua adapta siku hiyohiyo. PS4 haina neno, imeandikwa 100-240V. Xbox tafuta adapta ya 220-240V.

Bwana_Kisauni:
Ama anunue transfoma ya kushusha umeme. Mimi hapa Mombasa ninayo miaka yote, vitu vya ndugu zangu walio ng'ambo vyote napitishia hapo.

Fundi_Mbagala:
Ndugu yangu wa Mombasa, transfoma ni mzigo. Nzito, inapata moto, na ikiwa ndogo kuliko mashine inaungua yenyewe. Adapta za Xbox za mwanzo ni wati 203, kwa hiyo transfoma iwe ya 300 kwenda juu. Adapta ya volti zetu inamaliza kazi. Azingatie plagi yake tu: kwenye Xbox nene, adapta za zamani zenye nguvu kubwa zinaingia kwenye mashine za baadaye, lakini za baadaye haziingii kwenye za mwanzo. Zile nyembamba (Slim na E) zina plagi tofauti kabisa.

Mzee_Kurasini:
Wadogo zangu, kwenye ekstensheni nina la kusema. Mwaka juzi nilinunua moja ya matundu sita, nzuri kwa macho, ina taa nyekundu, ubavuni imeandikwa 13A. Nikachomeka TV, king'amuzi, redio na PS3 ile nene ya vijana. Ikaenda vizuri tu. Siku hiyo vijana wanacheza, mtu akachomeka pasi humohumo. Haikuchukua muda sebule nzima inanuka plastiki. Wote tunaikagua PS3, tunanusa nyuma yake, kumbe siyo. Nashika plagi ukutani, haishikiki kwa moto. Nilipozima na kuichomoa, mguu mmoja ulikuwa umegeuka kahawia, na plastiki iliyouzunguka imeyeyuka ikagandia kwenye soketi. Fundi alipoifungua, waya wa ndani mwembamba kama uzi wa kushonea. Kwenye plagi, mahali pa fyuzi, kipande cha chuma tu. Nikarudi dukani na mabaki yangu mkononi, mwenye duka akaniambia mali ikishatoka hairudi. Soketi ya ukutani nayo ikabidi ibadilishwe. Tangu siku hiyo ekstensheni naipima kwa uzito na unene wa waya, maandishi siyaamini.

Fundi_Mbagala:
Pole sana mzee. Na hapo hata fyuzi nzima isingekatika. 13A kwa 230V ni karibu wati 3,000. Pasi wati 1,200, PS3 nene kama 200, TV 100: jumla kama nusu tu. Mkosaji ni waya. Unatakiwa uwe wa milimita 1.25 za mraba au 1.5. Dogo, mashine nne hazikutishi kama unacheza moja moja. Pasi, jagi la umeme na hita visiingie hapo.

Salma_Gemu:
Na umeme ukikatika je? Aweke stabilaiza.

Bwana_Kisauni:
Stabilaiza yasawazisha volti, umeme ukikatika nayo yazima. PS4 ikizimika ghafla yaja kukagua diski yake ya ndani ikiwashwa, na yaweza kupoteza ulichohifadhi. Dawa ni UPS, kile kisanduku chenye betri ndani.

Salma_Gemu:
UPS ya bei gani sasa? Kwa hela hiyo si bora TV mpya? Mimi umeme ukikatika nachomoa kila kitu, nasubiri urudi na utulie kwanza.

Mzee_Kurasini:
Ukilala usiku nani anachomoa?

Dogo_Tabata:
Nimeangalia, adapta ya Xbox kweli imeandikwa 100-127V. Asante sana fundi. Sasa PS2, nyuma ya TV naona tundu la AV dogo kama la spika za masikioni.

Salma_Gemu:
Hilo linataka waya wake mfupi unaogawanyika njano, nyekundu na nyeupe. Usichukue wowote, mpangilio wa ndani unatofautiana, unaweza kupata mvumo bila picha. Ulizia ule wa TV yako.

Fundi_Mbagala:
Au konveta ya AV kwenda HDMI, halafu unaiingiza kwenye swichi.

Salma_Gemu:
Konveta za bei rahisi zinachelewesha picha! Kwenye gemu ya mpira unabonyeza utoe pasi, mchezaji anatoa baadaye. Nimecheza PES 6 kwenye hiyo kitu, haifai. AV moja kwa moja.

Bwana_Kisauni:
PS2 irudishieni TV ya chogo. Picha yake ilitengenezewa huko.

Mzee_Kurasini:
Ya chogo ninayo stoo, inchi 21, inawaka vizuri.

Dogo_Tabata:
Mzee unaiuza? Niko Tabata, naweza kuja Jumamosi.

Salma_Gemu:
Dogo, sebule hiyohiyo TV mbili? Na mwenye memori kadi ya PS2 ya MB 8, orijino, aje PM.