Naomba ushauri: 92342 (msimbo wa kudai malipo ya vipimo na kurekebisha miwani) imekataliwa kwa miwani ya progresivu (lenzi ya kuonea mbali, kati na karibu bila mstari)

Wakuu, habari za kazi. Niko Mbeya, naandaa madai ya bima kwa mbali kwa kliniki ya macho iliyoko Marekani. Nimekwama hapa.

Mgonjwa ana miaka 58, bima binafsi, si Medicare (bima ya serikali ya Marekani, hasa ya wazee). Namba za miwani: jicho la kulia +1.25 -0.75 x 90, kushoto +1.50 -0.50 x 85, nyongeza ya kusomea +2.00. Fundi alipima kila jicho peke yake toka katikati ya pua, mm 31.5 na 32, kimo cha lenzi mm 18. Niliweka V2020 (fremu) 1, V2781 (lenzi ya progresivu) mara 2 kwa kuwa huhesabiwa kwa kila lenzi, na 92342 ya vipimo na kurekebisha miwani usoni. Fremu na lenzi zimelipwa. 92342 imerudi: "imejumuishwa kwenye vifaa".

Nimeirudisha na karatasi ya vipimo, ikagonga mwamba tena. Kuna aliyeniambia nishushe hadi 92341 ipite. Hiyo ni ya baifoko (lenzi ya sehemu mbili, mbali na karibu), na huko ni kudanganya tu.

Naomba kujua:
1. Tarehe ya 92342 iwe siku ya vipimo au siku mgonjwa alipokabidhiwa miwani? Zimepishana siku 11.
2. Medicare hutaka V2781 iambatane na msimbo wa msingi, mfano V2203 (lenzi ya baifoko) kwa namba hizi za miwani. Kwa bima binafsi nanyi mnaiweka misimbo yote miwili?

Ofisi za bima huko hufunguliwa huku ikiwa jioni, nitapiga leo. Natanguliza shukrani.