Fortran na GTK 4: kichwa cha dirisha kina takataka, kitufe kinaangusha programu

KoroshoGhafi (Masasi):
Wakuu, nina programu ya Fortran ya kupima korosho ghafi. Sampuli ya kilo 1 ikibanguliwa, inachukua gramu za viini safi, inaongeza nusu ya gramu za vyenye madoa, inazidisha kwa 80 na kugawa kwa 453.6 (gramu za ratili moja). Safi 260 na madoa 40 inatoa ratili 49.4 kwa gunia la kilo 80. Hesabu haina shida. Nimeiwekea dirisha la GTK 4 (maktaba ya C ya kutengeneza madirisha na vitufe) kwa iso_c_binding, moduli ya Fortran ya kuita C: kichwa kinaonyesha "Korosho" na herufi za ajabu nyuma yake, na nikibonyeza kitufe, programu inaanguka kwa "Segmentation fault" (imegusa kumbukumbu isiyo yake).

Mikindani_f90:
Mkuu, hizo ni kasoro mbili tofauti. C hujua neno limeishia wapi kwa kuona baiti ya sifuri, na Fortran haiiweki. Iweke mwenyewe:

`call gtk_window_set_title(w, "Korosho"//c_null_char)`

Kwenye kitufe nadhani umesahau `value`. Bila hiyo Fortran inadhani imepewa anwani ya kigezo badala ya thamani yake. Iwe hivi, tena ndani ya moduli, si chini ya `contains` ya programu kuu:

```
subroutine bonyeza(kitufe, data) bind(c)
  type(c_ptr), value :: kitufe, data
```

Usitafute `g_signal_connect`, hiyo ni makro ya C (ufupisho unaopanuliwa wakati wa kukompaili) na haimo kwenye maktaba. Ita `g_signal_connect_data`, yenye hoja sita: kitufe, `"clicked"//c_null_char`, `c_funloc(bonyeza)`, `c_null_ptr`, `c_null_funptr`, `0_c_int`.

Na gramu zisome kwa `gtk_spin_button_get_value`, inarudisha `c_double` moja kwa moja. Kisanduku cha maandishi kinarudisha pointa (anwani ya maandishi), utahangaika na `c_f_pointer` bure. Ila ukitangaza `c_float` kwa mazoea ya `real`, utapata namba za kichawi na kompaila haitasema neno.

KoroshoGhafi (Masasi):
Ni `value` kweli, asante mkuu. Sasa linki (hatua ya kuunganisha programu na maktaba) inagoma: "undefined reference to `gtk_main'". Nilifuata mfano wa zamani.

Lindi_Kompaila:
Mfano huo ni wa GTK 3. Kwenye 4 `gtk_main` iliondolewa. Tengeneza `gtk_application_new`, dirisha na vitufe uvijenge ndani ya rutini ya ishara ya `activate`, umalizie kwa `gtk_window_present`, halafu programu kuu iite `g_application_run(app, 0_c_int, c_null_ptr)`. Kitambulisho cha programu unachompa `gtk_application_new` lazima kiwe na nukta, mfano `"tz.korosho.pima"`, la sivyo kinakataliwa. `c_null_char` hapo pia!

Unapokompaili, maktaba zikae nyuma ya faili lako:

`gfortran pima.f90 $(pkg-config --libs gtk4) -o pima`

Zikitangulia, kwenye baadhi ya mashine linka inazitupa kwa kuona hakuna anayezihitaji, na "undefined reference" zinarudi kibao.

Kama madirisha yatakuwa mengi, chukua gtk-fortran, maktaba ya kuita GTK kutoka Fortran, violesura vimo tayari. Kwa vitufe viwili hivi, andika mwenyewe tu.