Jiko la pampu la Primus, kambi ni Ijumaa: naomba ushauri

Mlezi_Kisauni | Jumapili, saa 2:40 usiku
Assalaam aleikum wapenzi wa vifaa vya kale. Nina jiko la pampu la Primus, lile la shaba la miguu mitatu, tangi la lita moja. Limetoka Kongowea kwenye vyuma chakavu, pamoja na hema la turubai na mikanda miwili ya skauti. Shaba imeshika kutu ya kijani na ngozi ya pampu imekauka kama gome. Ijumaa tunapeleka vijana 14 Shimba Hills na nataka wapikie jiko hili, waone skauti wa zamani walivyokuwa wakipika. Maswali yangu ni mawili tu: shaba niisafishe na nini bila kuiharibu, na ngozi ya pampu naipata wapi? Likiwaka ni zuri, halina kelele kabisa, ila mara nyengine moto unakuwa wa manjano. Hilo si kubwa. Naombeni majibu mapema, usingizi sina.

UkwajuNaNdimu | saa 3:05 usiku
Waaleikum salaam kaka. Dawa ni ukwaju. Chukua wa kujaa kiganja, loweka maji ya vuguvugu, ukande mpaka uwe uji mzito, paka, ngoja dakika 5, sugua kwa kitambaa cha pamba, suuza na ukaushe papo hapo. Usiuache usiku kucha. Asidi ikikaa hula zinki iliyomo ndani ya shaba na kuacha mabaka ya waridi ambayo hayaondoki tena. Msasa na waya wa masufuria viweke mbali, vitakula maandishi ya kiwandani.

Na dawa za vioo zenye amonia usizisogeze hapo. Shaba iliyoundwa kwa kugongwa na kukunjwa hubaki na mvutano ndani yake, na amonia huipasua kimyakimya. Jeshi la Uingereza kule India lilikuta maganda yake ya risasi yamepasuka msimu wa mvua, yakiwa yamewekwa karibu na mazizi ya farasi. Amonia ilitoka kwenye mkojo wa farasi. Ufa wa namna hiyo ni mwembamba kama unywele, na kwenye tangi lenye mgandamizo huuoni mpaka uchelewe.

Hazina_ya_Kale | saa 3:31 usiku
Mimi nakataa habari ya kung'arisha. Geuza jiko usome kwanza. Jiko hili lilibuniwa Uswidi mwaka 1892 na Frans Wilhelm Lindqvist, na jina B.A. Hjorth & Co. ukilikuta kwenye tangi ndio kampuni iliyoyauza. Kuanzia 1911 walikuwa wakipiga herufi ya kuonyesha mwaka. Piga picha herufi hiyo kabla ya kugusa chochote. Rangi ya uzee ikishafutwa, huirudishi. Na aliyekuuzia akisema ni jiko la Baden-Powell mwenyewe, mwanzilishi wa skauti, usiongeze hata shilingi: Baden-Powell aliishi kwenye nyumba ya Paxtu, Nyeri, kuanzia 1938 mpaka alipofariki tarehe 8 Januari 1941, na kitu chake kinahitaji karatasi ya kukitambulisha. Maneno ya sokoni hayatoshi.

Fundi_Karabai | saa 4:10 usiku
Ngozi hainunuliwi, inatengenezwa. Nenda kwa fundi viatu, mwombe ngozi halisi isiyopakwa rangi, unene wa milimita 2 hivi. Kata duara lililozidi bomba la pampu kwa milimita 6 kila upande, toboa katikati. Loweka dakika 10 kwenye maji ya moto ambayo mkono unayavumilia, kisha ikandamize ndani ya soketi ya spana yenye upana sawa na bomba, uiache ikauke. Itatoka kama kikombe kidogo. Itie mafuta ya injini, ilale humo. Mafuta ya kupikia usitumie, yanageuka gundi. Wakati wa kufunga, mdomo wa kikombe uelekee chini kwenye tangi. Ukiugeuza juu utapampu mpaka kesho na hewa haiingii.

Mpini ukipanda wenyewe baada ya kupampu, hapo ngozi haina kosa. Ni vali iliyo mwisho wa bomba, ina kipande kidogo cha mpira na springi.

Sasa hilo unaloliita si kubwa. Moto wa manjano maana yake kichwa cha jiko hakijapata joto la kugeuza mafuta kuwa mvuke. Tangi lisipite robo tatu. Skrubu ya hewa iache wazi, jaza spiriti kwenye kikombe cha chini ya kichwa mpaka ukingoni, washa. Spiriti ikikaribia kuisha ndipo unafunga skrubu na kupampu mara 4 au 5. Manjano ikitokea, fungua skrubu, acha lizime, anza upya. Na nozeli, kile kitundu kinachorusha mvuke, ukiizibua kwa sindano ya kushonea umeiharibu: tundu likipanuka moto hautakuwa wa buluu tena. Tumia pini yake.

Kabla sijaendelea, niambie: unatia mafuta gani?

Turubai_Kuukuu | Jumatatu, saa 12:50 asubuhi
Nyote mwazungumza jiko, na hema je? Turubai la pamba la zamani lisimamishe uwanjani kabla ya safari, limwagie maji tele, liache likauke likiwa limesimama. Nyuzi huvimba na kuziba matundu ya mshono. Mshono usiotii, ukandike nta ya nyuki na upitishe pasi ya vuguvugu. Kama limekaa karibu na bahari, lioshe kwa maji matamu pekee, kwa sababu chumvi huvuta unyevu na turubai halikauki kamwe. Sabuni ya unga usiiguse, inaondoa dawa ya kuzuia maji. Na mvua ikinyesha vijana wasiguse turubai kwa ndani, pale palipoguswa ndipo panapovuja. Likunje likiwa kavu kabisa. Kuvu hula pamba kwa siku chache tu katika joto letu.

Mlezi_Kisauni | saa 7:15 mchana
Ahsanteni sana. Ukwaju nimeshaloweka. Fundi, mafuta ni ya kawaida tu.

MamaKambi | saa 7:22 mchana
Mwanangu, ya kawaida ndiyo yapi? Yataje kwa jina.

Mlezi_Kisauni | saa 8:03 mchana
Mama, nitasema ukweli. Vituo viwili vya karibu havina mafuta ya taa. Nilichonacho ni mafuta ya taa kidogo, nikachanganya na petroli nusu kwa nusu. Hapa nyumbani limewaka mara tatu bila shida, na linawaka upesi hata spiriti halitaki. Kile kisahani cha juu ya moto ndicho kinacholegea kidogo, nakibana kwa koleo. Petroli lita 5 nimeshanunua na wazazi nimeshawaambia watoto watapikia jiko la kihistoria. Si kwamba nitawaacha peke yao. Nitakuwa pale pale.

Fundi_Karabai | saa 8:20 mchana
Usiliwashe tena. Naandika taratibu ili uelewe ni kwa nini.

Mafuta ya taa huanza kuchemka kwenye nyuzi 150 hivi. Petroli huanza karibu na 35. Mombasa mchana tangi likikaa juani tu limeshafika hapo, sasa liweke chini ya moto. Jiko hili halina koki ya kupunguza moto wala vali ya usalama. Moto unatawaliwa na hewa unayoipampu. Kwa mafuta ya taa, ukifungua skrubu hewa inatoka na moto unakufa. Kwa petroli, tangi linajipandishia mgandamizo lenyewe, moto unakua bila wewe kugusa pampu, na njia pekee ya kuuzima ni kufungua skrubu, ambayo sasa inarusha mvuke wa petroli sentimita chache kutoka kwenye moto. Mkono wako ndio ulioshika hiyo skrubu.

Nusu kwa nusu haipunguzi hatari. Mchanganyiko hushika moto kwa tabia ya petroli hata ikiwa kidogo. Na hilo la kuwaka bila spiriti, unaloliona sifa, ndiyo dalili yenyewe. Majiko ya petroli yapo, Svea 123 na Optimus 8R, lakini yalitengenezwa na vali ya usalama kwenye kifuniko.

Mja_wa_Likoni | saa 8:41 mchana
Kaka, watoto wa watu ni amana. Mzazi aliposikia jiko la kihistoria hakusikia petroli. Kawaambie upya, neno kwa neno, kabla ya Ijumaa. Skauti tunafundishwa kuwa tayari, na mlezi ndiye wa kwanza.

MamaKambi | saa 8:55 mchana
Hata likiwa na mafuta sahihi, vijana 14 hawapikiwi pilau juu yake. Sufuria ya watu 14 ni pana kuliko jiko, inarudisha joto chini kwenye tangi, na ile miguu mitatu haikuundwa kwa uzito huo. Birika la chai, sufuria ya lita 2, basi. Tena nje, ndani ya hema hewa ya sumu haina harufu.

Mtazamaji_Tudor | saa 9:30 alasiri
Samahanini, mimi nina shaka na uzi huu. Jana jiko halikuwa na kelele kabisa. Hicho ni kichwa cha kimya, chenye kofia mbili za matundu. Leo lina kisahani cha juu ya moto. Kisahani kiko kwenye kichwa cha kunguruma peke yake, na hicho husikika nyumba ya pili. Jiko moja haliwi na vyote viwili. Picha hakuna, herufi ya mwaka hakuna. Tusije tukawa tunamshauri mtu asiye na jiko.

Hazina_ya_Kale | saa 9:38 alasiri
Hoja ya Tudor ni nzito. Mlezi, herufi?

Mlezi_Kisauni | saa 11:10 jioni
Wallahi si hadithi. Mfuko ulikuwa na vichwa viwili. Kile cha kimya ndicho nilichokielezea jana. Leo asubuhi kilikuwa kimeziba, nikakifungua nikafunga hiki cha kisahani, na kweli kinanguruma. Sikukitaja kwa sababu mlishaanza kunikaripia. Kuna jengine pia. Tangu nibadilishe, kuna kimoto kidogo shingoni, mahali kichwa kinapoingia kwenye tangi, ukubwa wa ukucha. Nilidhani ni masalio ya spiriti.

Mtazamaji_Tudor | saa 11:16 jioni
Spiriti umesema hutumii. Lakini sasa nakuamini, jambo hili mtu halibuni. Niwie radhi.

Fundi_Karabai | saa 11:40 jioni
Ile pete ya madini ya risasi iliyo chini ya kichwa, uliiweka mpya?

Mlezi_Kisauni | saa 11:44 jioni
Ile ile. Ilionekana nzima.

Fundi_Karabai | saa 12:15 jioni
Basi ndiyo hiyo. Risasi ni laini, ukikaza kichwa inatiririka na kujaza mikwaruzo ya mahali pale pale. Ukiifungua haizibi tena kichwa kingine, kila ukifungua unaweka mpya. Ulikuwa unavujisha mvuke wa petroli shingoni na kuuwasha.

Fanya hivi. Nje, mbali na moto na swichi, mwaga mchanganyiko kwenye debe la chuma lenye kifuniko, usimwage mtaroni. Acha tangi wazi kivulini mpaka kesho. Suuza na mafuta ya taa kidogo mara 3. Badilisha kile kipande cha mpira cha vali ya pampu, petroli huvimbisha mpira wa zamani. Funga kila kitu, tangi likiwa tupu pampu mara 15, halafu paka povu la sabuni kwa brashi: shingoni, kwenye kifuniko, kwenye mshono wa chini. Pakitoa mapovu hapajaziba. Mshono wa chini ukitoa mapovu, usilipeleke kwa fundi wa lehemu ya kawaida. Liweke kabatini liwe la kutazamwa.

Mlezi_Kisauni | Jumanne, saa 3:20 usiku
Nimesuuza na kupaka povu. Mshono wa chini ni mkavu. Shingoni mapovu yanapanda kama maziwa. Wazazi nimewapigia wote, tutapikia kuni na mkaa, jiko linakwenda kwa maonyesho, tangi tupu. Mafuta ya taa nimeelekezwa Changamwe; tangu ule ushuru wa shilingi 18 kwa lita wa 2018 yamekuwa ya kutafuta. Fundi, pete ya risasi naipata wapi? Na Hazina, herufi ipo, imefichwa na kutu, ukwaju utaitoa kesho.

Hazina_ya_Kale | saa 3:26 usiku
Hapo kwenye herufi tumia kitambaa na maji tu, nakusihi.

Fundi_Karabai | saa 3:50 usiku
Nenda kwa wavuvi asubuhi, uwaombe risasi moja ya kuzamishia nyavu. Igonge kwa nyundo juu ya chuma laini mpaka iwe bapa la milimita 2, usawa mmoja, isiwe na ufa ukingoni. Kata duara la ndani kwanza, lipite kwenye nyuzi za kukazia kichwa kwa kubana kidogo, ndipo ukate la nje. Safisha mahali pake shingoni kwa kijiti, pasibaki hata chembe ya risasi ya zamani. Kaza kwa spana, mkono mwingine ukishika tangi kwa kitambaa, usilikaze kwa kushika miguu. Nawa mikono kwa sabuni, na usifanyie kazi hiyo mezani pa chakula. Kisha povu tena.