Bumu laki 6 limekata siku ya 29, nyie mnaishije hapa Malimbe?

Kijana wa Nzega
Wakuu habari za jioni, naombeni mawazo na sio kunisema maana kunisema nimeshajisema mwenyewe vya kutosha. Mimi ni mwaka wa kwanza, nyumbani Nzega, hosteli nilikosa nikapanga geto hapa Malimbe Mwanza, karibu na chuo. Bumu, ile hela ya mkopo ya kujikimu, liliingia laki sita, zile elfu kumi kumi za siku 60, nikajiona tajiri kabisaa. Kodi miezi sita kwa elfu 50 ikaenda laki tatu, dalali akachukua ya mwezi mmoja elfu 50, godoro shuka ndoo na mazagazaga mengine elfu 95. Sasa hapo sijanywa pombe, sina mchumba, sijanunua hata kiatu, nakula kwa mama ntilie tu kama watu wengine, na leo nimefungua simu nikakuta 1,200. Bado siku 31. Mzee nyumbani ana wadogo zangu wanne shule siwezi kumwambia kitu. Mnafanyaje jmn?

Dona na Furu
Pole mdogo wangu. Hebu tupige hesabu kabla hujajilaumu. Baada ya kodi, dalali na godoro ulibaki na laki na elfu 55. Chai na chapati mbili asubuhi buku, mchana wali maharage buku mbili, usiku tena buku mbili, hiyo elfu tano kwa siku. Toa na bando la kila wiki. Inakupeleka siku 28 au 29, ndo hapo ulipo. Hujaibiwa wala hujafuja, umekula tu! Tatizo elfu kumi ya kwa siku imetengenezewa mtu anayelipa kodi kidogo kidogo, wewe umelipa ya nusu mwaka kwa mkupuo halafu ukataka ule kama vile hujalipa.
Ila kuna kitu kimoja kimenichekesha. Umetoka NZEGA. Kwenye mchele. Halafu unanunua wali wa sahani Malimbe?? Mpigie mama, sio mzee, mama, mwambie akutumie mchele na karanga na michembe (vile viazi vitamu vya kukausha) kama ipo, mabasi ya huko yote yanashushia stendi ya Nyegezi, kutoka hapo mpaka getoni kwako ni pua na mdomo. Konda unampa chake kidogo. Watoto wa Nzega na Kahama niliosoma nao hawakuwahi kununua mchele mpaka wanamaliza.

Dada wa Sweya
Naongezea kwa Dona. Ushauri wa "pika mwenyewe" kila mtu anautoa ila hawasemi ugumu wake, una kipindi saa moja asubuhi na kingine saa kumi na moja jioni utapika saa ngapi? Mimi napika usiku tu, napika cha kutosha, asubuhi napasha kiporo, kwahiyo chakula cha kununua ni cha mchana peke yake. Hapo ile buku tatu ya chai na ya usiku huitoi tena, unatoa tu ya vitu vya kupika, bila kuteseka. Na usipike sana mlango wazi hahaha, geto lenye kitunguu kinachonukia lina marafiki wengi ambao hata majina huwajui.

Ngosha Mwaloni
Sasa mboga niachieni mimi maana nimekulia Kirumba. Wanafunzi mnanunua dagaa vifungu vya jero gengeni, kwa mwezi ukijumlisha umelipa mara mbili. Shuka Mwaloni Kirumba, lile soko la samaki la ziwani, na mwenzako mmoja au wawili mchange, nunueni kwa sado, lile kopo kubwa la kupimia. LAKINI angalieni mwezi kwanza. Simaanishi tarehe, namaanisha mwezi wa juu mbinguni. Dagaa wanavuliwa usiku kwa taa, wanaufuata mwanga, sasa mbalamwezi ikiwa kali taa haina kazi, mitumbwi inapaki, dagaa wanaadimika na bei inapanda. Giza likirudi wavuvi wanaingia, baada ya siku chache za kuanika mzigo unajaa Mwaloni na hapo ndo unanunua. Bumu lako la siku 60 lina giza mbili humo ndani, kwahiyo unanunua mara mbili tu basi. Kipindi cha mvua kuwa makini, dagaa hawakauki vizuri wanabadilika rangi na wananuka, usinunue wengi hata wakiwa bei ya bure.
Wale wa kuanikwa kwenye chanja hawana mchanga ila bei imechangamka. Ukichukua wa kuanikwa chini sio mbaya, nakwambia namna: toa vichwa, weka kwenye beseni, mwagia maji ya moto, koroga kwa mkono wa mwiko halafu acha kidogo mchanga ushuke. Sasa usimimine! Wote wanaomimina ndo wanakula mchanga. Waokote kwa juu na mikono, rudia mara mbili, mara ya tatu maji yakiwa meupe kaanga na kitunguu na nyanya, ukiwa na karanga zako za Nzega twanga utie. Na siku ukitaka supu kuna mapanki, yale mabaki ya sangara ya viwandani, sisi wengine ndo yametusomesha.

Mama J Mkolani
Wanangu marahaba hata kama hamjaniamkia, mimi ndo hao wenye nyumba mnaotusema. Nina vyumba vinne vya wanafunzi. Mwanangu wa Nzega kosa lako kubwa wala sio chakula, ni kwenye kodi. Kwanza mwenye nyumba ukimfuata mwenyewe mapema, kabla chuo hakijafunguliwa na madalali hawajazagaa, wengi tunapokea miezi mitatu. Pili umelala peke yako kwenye chumba cha elfu 50 cha nini? Tafuta mwenzako mtulivu, kila mtu elfu 25. Tatu na hili hawaangaliagi kabisa, likizo ndefu kuanzia Julai mpaka mrudi huko Oktoba Novemba chumba kimefungwa wanakaa popo lakini kodi inatembea. Ukilipa sita ya pili kama ulivyolipa ya kwanza, nusu yake utakuwa Nzega nyumbani. Ongea na mwenye nyumba yako sasa hivi, usingoje mwezi wa sita, mwambie nitalipa mpaka Julai vyombo naomba viweke stoo. Akikataa hajakupiga.

Kijana wa Nzega
Shikamoo mama, samahani. Hilo la likizo wallahi sikuliwaza. Kuna jamaa darasani analalamika anatoka Buhongwa kila siku kwa hiace, ntaongea nae ahamie atanirudishia nusu ya kodi iliyobaki, hiyo tayari ni hela ya kula. Ila kwa leo na kesho wakuu? Kuna mtu kaniambia nikope ile mikopo ya kwenye simu

Dona na Furu
USITHUBUTU

Dada wa Sweya
Hizo kausha damu acha kabisa. Mwaka jana nilichukua elfu 50, hela iliyoingia hata 50 haikufika wameshakata juu kwa juu, siku ya saba wanataka zaidi ya 50. Nikachelewa siku mbili wakapiga simu kwa mjomba wangu Geita na kwa mchungaji wetu kwamba mimi ni tapeli. Mjomba alilipa ila mpaka leo akiniona anacheka. Bora ukope unga kwa mwenye duka, huyo anakujua sura. Na bumu lijalo likiingia wahi kusaini siku ya kwanza, halafu kabla hujala sato na wenzio nunua kwanza vitu, mchele au unga, mafuta, gesi, dagaa, sabuni, kitachobaki mpe mtu mkali akutolee elfu 20 kila Jumatatu. Mimi anakaa nayo dada yangu, nikilia anazima simu.

Ngosha Mwaloni
Kweli, na mkumbuke bumu ni deni, ukiajiriwa wanakata asilimia 15 ya mshahara. Sato wa leo utamlipa ukiwa na kitambi.

Kijana wa Nzega
Nimempigia mama. Mchele kilo 25 na karanga zinapanda basi Alhamisi, wala hajaniuliza maswali, kasema tu ulikuwa unasubiri nini. Jamaa wa Buhongwa nae kakubali, anakuja Jumamosi. Wabeja sana wote. Ngosha, sasa Mwaloni niende lini, nitajuaje giza limeanza?

Ngosha Mwaloni
Toka nje saa mbili na nusu usiku uangalie. Kama mwezi haujachomoza, giza limeanza, hesabu siku nne tano ndo ushuke.

Kijana wa Nzega
Nimetoka sasa hivi. Mwezi haupo. Ila kule ziwani kuna taa nyingi kama mji.

Ngosha Mwaloni
Ndo wenyewe hao. Tafuta sado.