Pevingi za uani: tunajifurikisha wenyewe?

Mpima Matope: Wanajamvi, huku Tabata, Dar, kila anayejenga anatandika pevingi (vile vitofali vya zege vya uwanjani) ukuta kwa ukuta, hata mwembe unakatwa usichafue uwanja. Mvua ya nusu saa tu, maji yanatoka getini yanakimbilia mtaro uliochimbwa enzi viwanja vikiwa na majani. Yakifika mto Msimbazi, barabara ya Jangwani inafungwa. Kwa nini kibali cha ujenzi kisidai robo ya kiwanja ibaki udongo, na shimo la kunyonya maji ya paa?

Ngosha77: Mkuu, umewahi kufagia tope wewe? Pevingi zangu ni hela ya kikoba cha wife. Anza na waliojenga karakana ya mabasi ya mwendokasi palepale Jangwani. Wale walikuwa na wahandisi.

Mama Kigogo: Bora hata maji ya pevingi. Huku wingu likitanda tu, mtu anafungulia chemba ya choo mtaroni, anaokoa hela ya gari la maji taka. Juzi limepita povu la kijivu mlangoni kwangu, na kandambili ya mtoto juu yake.

Chalii wa Mbezi: Dada, umejenga bondeni halafu unalalamika maji yanapita? Sheria ya mazingira ya 2004 imetaja mita 60 kutoka mtoni.

Mama Kigogo: Dada yako yuko kwenu. Marehemu baba alinunua pale 1982, hesabu mwenyewe. Mafuriko ya 2011 tulilala juu ya bati. Waliohamishiwa Mabwepande, nje ya mji, wapo waliorudi, kule kibarua utakipata wapi? Na chemba yako wewe wa Mbezi inakwenda wapi?

Chalii wa Mbezi: Naita gari, nalipa.

Ngosha77: Linamwaga wapi?

Chalii wa Mbezi: Mabwawa ya Vingunguti, sijui. Yanahusu nini?

Mama Kigogo: Na Vingunguti yanatiririkia wapi, kaka?

Ngosha77: Msimbazi 😂😂 Karibu bondeni, chalii.

Fundi Karo: Hilo shimo la kunyonya si la kila mahali. Chimba, mwaga ndoo mbili, urudi baada ya saa. Ukikuta maji yametulia, huo ni udongo wa mfinyanzi, utakuwa umechimba kisima cha mbu. Penye mchanga linafanya kazi vizuri, ila weka kichujio cha kokoto, majani yasilizibe.

Mpima Matope: Asante fundi, angalau mmoja kasoma swali. Wengine mmehamia chooni.

Ngosha77: Mwenye uzi, kwako uani umeacha robo ya udongo?

Mpima Matope: Mimi ni mpangaji tu.