Mlinzi wa rais akidai saa za ziada: haki yake au anadekezwa?

Chumvi ya Bagamoyo (mtoa mada):
Wadau, leo chai ya saa nne ofisini imeishia kwenye ugomvi. Wale walinzi wa rais wa Marekani, Secret Service, wana kikomo cha malipo. Mshahara ukijumlishwa na saa za ziada ukafika kiwango fulani kwa mwaka (2017 kilikuwa dola 160,000 hivi), unaendelea kupiga kazi lakini hulipwi tena. Agosti 2017 mkuu wao wa wakati huo, Randolph Alles, alisema hadharani kwamba maafisa zaidi ya 1,000 wameshagota kikomo, na mwaka ulikuwa bado una miezi minne. Kumbuka Bunge lilishapitisha sheria Desemba 2016 ya kuwalegezea, ila ilikuwa ya mwaka ule tu, ikabidi warudi tena kuomba. Mimi nasema saa uliyofanya kazi ulipwe. Mwenzangu anasema mtu wa dola 160,000 kwa mwaka asitulilie. Mnasemaje?

Pangani Shwari:
Dola 160,000 halafu analia? Mimi mwalimu, nasahihisha madaftari 90 usiku kwa tochi ya simu. Hata soda sijawahi kupewa.

Mbeba Zege:
Hao si ndio walimtangulia Obama Cartagena mwaka 2012 wakanaswa na machangudoa hotelini? Na usiku ule waliuandikia ovataimu?

Mkesha wa Maryland:
@Mbeba Zege umeuwa 😂 Lakini ngoja niwaambie, maana niko jikoni. Mimi nalinda jengo la serikali huku Marekani, nimeajiriwa na kampuni yenye mkataba. Nikivuka saa 40 kwa wiki, kila saa inalipwa moja na nusu, kwa sheria ya tangu 1938. Afisa anayemzunguka rais hana hiyo. Yeye anapewa asilimia 25 juu ya mshahara, kwa sharti kwamba awe tayari kufanya wastani wa saa mbili zaidi kila siku. Zamu za ziada zilizopangwa analipwa, hadi agote. Mwaka 2017 watu waliolindwa walikuwa 42, na 18 kati yao ni familia ya Trump. Wakati wa Obama walikuwa 31. Watoto wa rais wakienda kuteleza kwenye theluji Aspen, unadhani nani anasimama nje ya mlango? Walipendekeza kikomo kipandishwe hadi dola 187,000, na hata hapo wakongwe 130 hivi wangebaki wanadai mamia ya saa.

Chuma Chakavu:
Tusidanganyane. Ulinzi ni kusimama tu. Tena hao wenzetu angalau wanasimama. Walinzi wa kwetu ni blanketi na usingizi, mwizi anawaruka kama gogo. Ovataimu ya kukoroma!

Binti wa Lindo:
Chuma Chakavu, baba yangu alilinda bohari miaka 19. Aliingia saa kumi na mbili jioni, akatoka saa kumi na mbili asubuhi, na mwenzake asipotokea anaunganisha. Kabuti moja la kijani, tochi, kirungu, na daftari la lindo ambalo ilibidi alisaini kila saa. Siku moja aliunganisha zamu tatu. Aliporudi alisinzia mezani, mkono ukiwa ndani ya sahani ya ugali. Mama hakumwamsha, alimnawisha vidole akiwa amelala. Malipo ya zile zamu hatujayaona mpaka leo. Sasa wewe andika tena hilo neno kukoroma.

Chuma Chakavu:
Pole dada, sikumlenga mzee wako. Lakini hujasema kama lindoni alikuwa analala au halali.

Mbeba Zege:
Mwenzio kaleta baba, wewe unaleta maswali ya kaunta ya polisi.

Wakili wa Kijiweni:
Mzee angeshtaki. Sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 iko wazi, ni saa 40 kwa wiki, zinazozidi ni moja na nusu.

Pangani Shwari:
45, wakili. Saa 9 kwa siku, 45 kwa wiki, na za ziada zisipite 50 kwa kila wiki nne. Usiku unaongezewa asilimia 5. Kijiwe chenu kinafungwa saa ngapi?

Wakili wa Kijiweni:
Sawa mwalimu, 45, nimekosa alama. Lakini hujataja kwamba kifungu cha 2 kinawatoa kabisa JWTZ, polisi, magereza na JKT. Yule askari anayepangwa barabarani tangu alfajiri kusubiri msafara, sheria hiyo haimjui.

Dereva Mbagala:
Msafara usiniguse. Juzi nimezimishwa injini Tazara saa nzima na abiria 30 wananisonya mimi. Ovataimu yangu nadai kwa nani?

Mama Kadzo wa Kilifi:
Huku Kenya walinzi wana amri yao ya mishahara tangu 1998, saa 52 kwa wiki. Kwenye karatasi lakini. Soja wa hapa kwa ploti yetu anafanya saa kumi na mbili, siku saba. Piga hesabu.

Dereva Mbagala:
84. Soja ndiyo mlinzi? Nilidhani mwanajeshi.

Mama Kadzo wa Kilifi:
Ni mlinzi, kaka. Na huyu wetu ana ufunguo wa tangi la maji, kwa hiyo tunamheshimu kuliko jeshi.

Chumvi ya Bagamoyo (mtoa mada):
Jamani turudi kwenye swali. Sheria ya Marekani, haki au si haki?

Chuma Chakavu:
Si haki. Julai 13, 2024, mkutano wa kampeni wa Trump pale Butler, Pennsylvania, kijana kapanda paa na bunduki, raia wanamnyooshea vidole, wao wapo tu. Mkuu wao Kimberly Cheatle kajiuzulu baada ya siku kumi. Hiyo ndiyo kazi ya kulipwa ziada?

Mkesha wa Maryland:
Umewahi kusimama zamu ya pili ukiwa hujalala? Macho yanaona lakini hayapeleki habari. Huo ndio ubishi wenyewe, ukiwanyima pesa wakongwe wanaondoka, waliobaki wanaunganisha zamu.

Chuma Chakavu:
Hadithi. Na Binti wa Lindo hajanijibu.

Binti wa Lindo:
Alilala. Saa tisa usiku, dakika ishirini, amekalia ndoo aliyoipindua, ili usingizi ukimzidi aanguke aamke. Ana kovu juu ya nyusi ya kushoto. Umeridhika?

Chuma Chakavu:
Hiyo ya ndoo nimeielewa, dada. Mpe mzee shikamoo yangu.

Lakini dola 160,000 bado ni nyingi.