Bablishi za nikotini kwa ajili ya kupungua mwili, asiyevuta sigara auziwe?

Mleta mada, Tabata

Wadau habari za jioni, naomba tulijadili hili bila kutukanana maana kwangu limeshafika mpaka mezani. Mdogo wangu sendofu yake mwezi wa kumi na mbili, kikao cha kwanza cha kamati kimeisha tu akaanza kulia gauni halitamkaa, sasa kuna mwenzie kazini akamwelekeza bablishi za nikotini, zile wanazotumia watu wanaoacha sigara, kwamba ukitafuna njaa inakata na mwili unashuka wenyewe. Huyu mtoto hajawahi kushika sigara maisha yake yote, hata moshi wa jirani unamkera. Kaenda duka la dawa kanunua boksi la miligramu 2, hakuna aliyemuuliza we unavuta? Kapewa chenji yake kaondoka.

Mimi nimejua Jumapili tumekaa tunakula wali na samaki wa nazi, yeye vijiko viwili kasukuma sahani, mara kwikwi. Sio kwikwi ya kawaida, inakuja mfululizo, anakunywa maji wapi, nikamshika mkono nikahesabu mapigo kwa simu yakaja 112 kwa dakika na mtu amekaa tu kwenye kiti. Ndo akanionesha boksi, limebaki robo. Alianza na nne kwa siku akafika kumi, na alikuwa anazitafuna kama bigijii, chwa chwa chwa bila kupumzika, kumbe hazitafunwi hivyo. Unatafuna taratibu mpaka usikie inawasha kama pilipili, unaibana kati ya ufizi na shavu inyonywe pale pale mdomoni, ikipoa unatafuna tena kidogo, nusu saa hivi. Ukiikimbiza nikotini unaimeza na mate, inaenda kuchoma tumbo, ndo hizo kwikwi na kichefuchefu.

Sasa mimi nasema asiyevuta asiuziwe, na muuzaji alazimishwe kuuliza. Nyie mnaonaje?

Mdau, Kimara

Pole dada, ila usifunge mlango kwa sababu ya mdogo wako. Mimi nilikuwa kilo 94 baada ya mtoto wa tatu, nimehangaika na zile chai za kuharisha zinazouzwa mitandaoni, nimejaribu kuruka chakula cha usiku, nimekimbia na klabu ya jogingi mpaka magoti yakavimba. Hizi bablishi ndo kitu cha kwanza kimenifanya nipite kwenye chipsi mayai pale stendi bila kugeuka. Miezi miwili kilo 5 zimetoka. Haina moshi, haina lami, sio sigara. Na kahawa je? Watu wanakunywa vikombe vinne kila siku na hakuna anayewauliza kitu. Mimi mtu mzima, najua ninachotaka, sa kwa nini niulizwe maswali kama mwanafunzi?

Mdau, Temeke

Nauza duka la dawa mwaka wa tisa huu, naomba niseme kidogo. Dada wa Kimara hajadanganya, nikotini inakata njaa kweli. Mwaka 2011 watafiti wa chuo kikuu cha Yale kule Marekani walionesha kwa panya kwamba inaziamsha zile seli za ubongo zinazouambia mwili umeshiba. Na wauza sigara walilijua hilo kitambo, miaka ya mwisho ya 1920 Lucky Strike walikuwa wanawatangazia wanawake wa Marekani washike sigara badala ya peremende. Kwa hiyo hii habari ya kukonda kwa nikotini ni ya zamani sana, zamani ilikuja na moshi tu.

Lakini bablishi yenyewe ilitengenezwa Sweden kwa ajili ya mvutaji, mtu ambaye mwili wake umeshazoea nikotini, na Marekani ikaruhusiwa 1984 kwa kazi hiyo hiyo ya kuacha sigara, kupungua mwili hakumo. Na sisi tunaowahudumia wanaoacha tunajua kitu kimoja: mvutaji akiacha huwa anaongezeka wastani wa kilo 4 mpaka 5 mwaka wa kwanza. Akitumia bablishi zile kilo zinachelewa, siku akiacha na bablishi zinakuja. Hapo ndo pa kutazama jamani, njaa haijaondoka, imeshikwa mkono, ukiachia inarudi na hasira. Kwa hiyo asiyevuta ana njia mbili, atafune maisha yake yote au kilo zirudi, na hapo katikati kashanunua uraibu ambao hakuwa nao.

Nikotini pia inasukuma moyo na kupandisha presha, na inaweza kusumbua sukari, sasa mwenye mwili mkubwa mara nyingi presha na sukari ndo vinamnyemelea. Dada wa Kimara, umepima lini? Mimi dukani nauliza kila mtu, na najua wengine wananiacha wanaenda duka la jirani, ndo maana naunga mkono iwe lazima kwa wote.

Mleta mada, Tabata

Asante kaka wa Temeke, hilo la kuachia ndo limetukuta. Mdogo wangu kaacha Jumatatu, siku tatu kichwa kinamgonga, anamfokea hadi mama kitu ambacho hajawahi, na usiku wa pili nimemkuta jikoni saa nane kasimama gizani anakula maandazi ya watoto ya asubuhi, analia huku anakula. Wiki tano tu za kutafuna.

Dada wa Kimara, sikukatazi kupungua, nataka upungue, na uchungu wa kuitwa bonge kwenye daladala naujua. Ila kahawa sijawahi kuona mtu asiyeinywa anaambiwa aanze vikombe kumi ili gauni limkae. Gauni lenyewe jana tumelipeleka kwa fundi Sinza, kaligeuza ndani nje akatuonesha akiba ya mshono kila upande, kafumua, limemkaa.

Nenda kesho kapime presha, uje uandike hapa imesoma ngapi.